Mguu Wangu Kwenye Pedali ya Freni

Vita ilipokaribia Munigi, majirani zetu walificha mbuzi na mabinti. Baba yangu alificha freni. Alikuwa na pikapu kongwe kuliko mimi, aliyobebea viazi na kabichi kutoka upande wa Rutshuru kushuka Goma, na aliipenda kwa namna ambayo marehemu mama hakuwahi kuizoea. Wanajeshi, wa upande wowote ule, walichukua magari. Ukificha betri, walikuja na betri yao. Ukifungua magurudumu, walikuamrisha uyarudishe. Kwa hiyo wenye magari wa mtaa wetu walikuwa na hila yao moja: kufungua tuyo za freni, yale mabomba membamba yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na kumwambia mkubwa wa wanajeshi kwa uso wa huzuni, "Haina freni, chef." Nani angeshuka ule mteremko wa kwenda mjini bila freni? Hila ilifaulu mara mbili. Baba akajiona mjanja, na mimi nikajiona binti wa mjanja.

Mara ya tatu ndiyo ninayoikumbuka. Mizinga ilisikika tangu Jumatatu, kwanza kama mtu anayetwanga majani ya sombe nyumba ya tatu, halafu nyumba ya pili. Wakimbizi walipita barabarani na magodoro kichwani, kimya, hata watoto wao hawakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, naye hakuishi. Daktari alimwonya waziwazi kwamba wa pili asimzalie nyumbani, kovu la ndani litaachia na atakufa yeye pamoja na mtoto. Mume wake alikuwa Butembo na barabara ilikuwa imefungwa. Mwenye kumfikisha hospitali alikuwa baba, na pikapu yake ililala uani, tuyo zake zimefichwa ndani ya gunia la maharagwe.

Alhamisi asubuhi uchungu ulimshika yaya. Baba alikimbilia gunia, akatoa tuyo, akaanza kuzirudisha kwa haraka. Ya kwanza ilikatika mkononi mwake kama kijiti kikavu. Kutu ilikuwa imeila kwa ndani miaka yote ile, na kila alipoifungua na kuifunga aliimalizia uhai. Nilimtukana baba yangu siku hiyo. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa kabila letu la Kinande hamwambii mzazi wake, naye amesimama na vile vipande viwili mkononi.

Tulimwita fundi, jirani yetu, mzee wa kikohozi aliyekuwa na karakana ya mabati ng'ambo ya barabara. Hakuwa na tuyo za dukani, maduka yote yalikuwa yamefungwa. Alikuja na bomba la shaba alilolitoa kwenye friji iliyokufa. Alilikata, akalikunja taratibu kwenye goti lake lisivunjike, akaupanua mdomo wa bomba kwa msumari mnene, gonga kidogo, zungusha, gonga tena. Yaya alikuwa barazani, ameshika nguzo kwa mikono miwili, na kila alipoguna fundi alikosa pigo moja. Mimi nilihesabu muda kati ya uchungu na uchungu. Ulikuwa unapungua, na mizinga ilikuwa nyumba ya jirani sasa.

Tuyo zilipokwisha kufungwa, ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta. Kazi hiyo ina watu wawili, mmoja chini ya gari anafungua na kufunga skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, mwingine juu anakanyaga. Nilipanda mimi.

"Kanyaka, kanyaka, kanyaka! Shikilia!" fundi aliniamuru kutoka chini. Nikakanyaga haraka mara tatu, nikashikilia, mafuta yakatoka na mapovu. "Achia."

Tukarudia, tena na tena, hadi mguu wangu ukawa unakwenda bila mimi. Baina ya gurudumu na gurudumu alinifundisha, kana kwamba tulikuwa na siku nzima:

"Mama, hewa ni muongo. Ukikanyaka mara tatu, pedali inasimama, unasema freni iko. Ukingoja kidogo, inashuka yote. Na hii gari ya zamani iko na njia moja tu ya mafuta. Gurudumu moja ikiwa na hewa, zote ine hazishike."

Tulikuwa tumemaliza magurudumu mawili. Baba alikuwa ametandika godoro nyuma ya pikapu kwa ajili ya yaya. Hapo ndipo wanajeshi walipoingia uani, sita au saba, wamebeba mwenzao aliyejeruhiwa, na mkubwa wao akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayepima homa.

"Muzee, hii gari inaenda ku hopitali ya Katindo sasa hivi."

"Haina freni, chef," baba alisema.

Mkubwa alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana. "Magari yote ya Munigi haina freni! Tangu asubuhi nasikia ile wimbo. Munatuona sisi wajinga?"

"Chef, leo ni kweli. Angalia, fundi iko chini."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yetu ilikuwa imefika mwisho wake pale uani. Mkubwa hakumtazama fundi. Alinitazama mimi niliyekaa kwenye usukani.

"Wewe, kanyaka tuone."

Ningekanyaga mara moja tu, taratibu, pedali ingezama hadi chini na angeona kwa macho yake. Lakini mtu mwenye bunduki alikuwa amesema kanyaka, na mguu wangu ulifanya ulichofundishwa asubuhi yote. Kanyaka, kanyaka, kanyaka, shikilia. Pedali ikasimama chini ya unyayo wangu, ngumu kama jiwe. Akainama, akaisukuma kwa kiganja, haikusogea.

"Iko freni," alisema. "Shuka."

Nilijaribu kueleza habari ya hewa. Nilisema inadanganya, ingoje kidogo itashuka, na nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa nikisikika. Mmoja wao alimvuta fundi kwa miguu kutoka chini ya gari. Mkubwa aliona tumbo la yaya, na sura yake ikalainika kweli, siwezi kumsingizia.

"Mama huyu apande na sisi, tutamufikisha ku hopitali. Sisi pia tuko na wake."

Yaya alikwisha kuachia nguzo, anakuja. Baba akamshika mkono. "Mutoto wangu hapande." Nilidhani amerukwa na akili. Ilikuwa gari, ilikuwa njia, na uchungu ulikuwa unakuja kila baada ya dakika chache. Nilimpigia kelele, baba akaninong'oneza, "Heri nusu shari," na hakumwachia.

Wakimbizi waliokuwa barabarani walipoona gari inawashwa waliikimbilia. Mkubwa hakuwafukuza. Baba akawaambia mmoja mmoja haina freni, na mwanamume mmoja akamjibu, "Papa, nyuma yetu kuna masasi ya bunduki. Freni tutafanya nayo nini?" Mwanamke mmoja mwenye miguu iliyovimba alishindwa kupanda. Alininyoshea mikono. Nilimwinua. Nasema wazi, nilimwinua mimi, kwa sababu alikuwa mzito na anaumwa na mikono yake ilikuwa mbele yangu. Alikaa juu ya godoro la yaya, akasema, "Aksanti, mwanangu, Mungu akuonee huruma." Wakaondoka.

Sisi tulimweka yaya juu ya chukudu la fundi, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, amekaa kwenye gunia la maharagwe. Baba akashika usukani, fundi akavuta nyuma kwa kamba isitukimbie mteremkoni, mimi nikamshikilia yaya mgongoni. Tulikwenda kwa hatua za kuku. Kila jiwe la lava barabarani lilimfanya alie, na kila alipolia nilimchukia baba upya.

Pikapu tuliiona mbele, kwenye kona. Ilikuwa imepita kona bila kukata, imeingia kwenye ukuta wa mawe ya lava, na mlango mmoja ulikuwa mbali na wenzake. Watu waliokuwa wazima walikuwa wameketi kando ya barabara. Mkubwa wa wanajeshi alisimama katikati, mikono kichwani. Mwanamke wa miguu iliyovimba alilala ubavu juu ya mawe, na mtu alikuwa anamfunika uso kwa kitenge. Fundi alianza kukohoa, hakuweza kuacha. Baba hakusimama.

"Kuna nini?" yaya aliniuliza. Alikuwa amefumba macho kwa uchungu.

"Hakuna kitu," nikamjibu. "Pumua."

Hospitali tulifika, wakampasua yaya saa tisa alasiri. Ni msichana, mzima kabisa, na siku hizi ananizidi urefu. Kila mwaka siku hiyo baba anatukusanya, tunasali rozari, halafu anasimulia jinsi Mungu alivyomwambia amshike yaya mkono. Hasimulii habari ya pedali, wala ya yule mwanamke niliyemwinua. Sidhani aliuona mguu wangu. Wote wanasema amina, na mimi nafungua mdomo haitoki.

Mwaka huu yule msichana alikuwa amekaa karibu yangu mimi, mama yake mdogo, akaona.

"Tantine, ju ya nini wewe hausemake amina? Haukufurahi nilizaliwa?"

Nilimwambia nimefurahi, na ni kweli, Mungu anajua. Kisha nikaenda jikoni, nikasimama pale hadi waliponiita kula.