Mvulana Asiyetajwa Jina

Bake alizaliwa binti wa wakulima akalelewa na wafugaji, kwa sababu meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Huko Borgou, enzi hizo, mtoto wa namna hiyo alionekana mkosi; baba yake, mkulima wa kabila la Wabariba, akampeleka kwa Wafulani wafugaji na hakugeuka nyuma. Ndiyo maana lugha zote mbili zilikuwa zake. Na ndiyo maana, njia ya kupitishia ng'ombe ilipolimwa mara ya kwanza watu wakakatana mapanga, nyumba yake ndiyo iliyotangulia kuchomwa. Kila upande ulimwona wa upande wa pili.

Sasa mkulima mmoja, Woru, alikuwa ameapa kuilima tena njia ileile kesho asubuhi. Tangu alfajiri Bake alikuwa ameshafunga mabunda mawili tayari kukimbia, moja la vyombo, jingine la nguo.

Walikutana kwenye banda la pamba. Woru, mkulima wa viazi vikuu, alikuja na wadogo zake na majembe, kana kwamba wametoka shambani. Gidado, mwenye ng'ombe, alikuja na fimbo yake na nduguze, nao na fimbo zao. Katikati yao, juu ya gunia, simu. Shirika lililomwajiri Bake lilikuwa limetia humo akili mnemba: unasema kwa lugha yako, nayo inayapoza maneno na kumfikishia mwenzako kwa lugha yake. Mwenzako anayarudia. Hakuna kusonga mbele mpaka wewe ukubali, "Ndivyo." Kazi ya Bake ilikuwa kubonyeza na kunyamaza.

"Iambie hiyo takataka yako imwulize huyu," Woru alianza. "Ng'ombe wanakula mbegu yangu mchana kweupe, yeye yuko wapi? Anakoroga maziwa?"

Simu ikasema kwa Kifulani, kwa adabu kama mkwe: "Woru amepoteza mbegu yake. Anauliza nani alikuwa anachunga."

Gidado alitazama chini. "Kulikuwa na mvulana. Aliugua."

"Mvulana gani?" Woru akauliza.

"Mvulana tu."

"Hana jina?"

Gidado akazungusha fimbo mkononi. Kimya kiliporefuka, simu ikakijaza yenyewe: "Gidado anasema ng'ombe waliachiwa mvulana ambaye hamfahamu vizuri."

Woru akasimama. "Mmesikia? Ng'ombe wote wale anamwachia mpita njia! Mimi hata mbwa wangu namjua jina!"

Wadogo zake walicheka, majembe mkononi. "Kaka, tukalime leo leo," mmoja akasema. "Kesho ya nini?"

Ndugu wa Gidado naye akainua fimbo.

Bake alimjua mvulana huyo; yeye mwenyewe ndiye aliyemkata kitovu alipozaliwa. Mvulana alikuwa mtoto wa kwanza wa Gidado, na baba wa Kifulani hamtaji mwanawe wa kwanza mbele za watu, hata akiwa anamzika. Kumtangaza mbele ya watu wanaocheka kungekuwa kumvua baba nguo. Gidado angeondoka, na angerudi na panga, si fimbo.

Bake akanyakua simu, akawapa wote kisogo, akainong'oneza. "Umekosea. Ni mwanawe wa kwanza, kwao hatajwi. Usimwambie Woru mpaka baba mwenyewe aruhusu. Muulize analoweza kujibu."

"Dada, hata wewe una siri na simu?" Woru alifoka.

"Ngoja, Woru. Ngoja kidogo tu."

Simu ikasema kwa Kifulani: "Gidado, nilikusemea vibaya, nisamehe. Huyo mvulana anakula kwenye chungu cha nani?"

"Changu."

"Ana kaka?"

Gidado aliegemea fimbo yake. "Ana wadogo."

"Nimweleze Woru hivyo, pamoja na desturi yenu?"

Kidevu cha Gidado kikainuka kidogo. "Mweleze."

Woru alisikiliza hadi mwisho akiwa bado amesimama. Kwao Wabariba kila mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Woru, apende asipende. Baba yake alikuwa akilipaza jina hilo kutoka ng'ambo ya shamba mpaka majirani wanachoka. Jembe likashuka taratibu.

"Amepona?" akauliza kwa Kifulani chake kibovu cha sokoni.

"Bado."

"Rudia maneno yake," Bake akamkumbusha.

Woru akamgeukia Gidado. "Unasema, mwanangu aliugua..." Uso wa Gidado ukakunjamana. Woru akakatisha, akaanza upya: "Unasema, yule mvulana aliugua. Ukambeba. Ng'ombe ukawaacha."

Kubeba hakukuwa kumesemwa na yeyote.

"Ndivyo," alisema Gidado. Kisha, bila kuombwa: "Nawe unasema, mbegu ile ndiyo chakula chako cha mwakani. Nami nikaja hapa nikakaa kimya, kana kwamba hukupoteza kitu."

"Ndivyo! Na sijasamehe, usije ukajidanganya. Habari ya mbegu bado tutaiongea."

"Tutaiongea."

"Ila njia silimi. Mpaka yule mvulana apite hapo mwenyewe na ng'ombe wake."

"Kaka!" mdogo wake akalalamika.

"Wewe hujui kitu. Wewe ni mtoto wa tatu."

Walitoka kila kundi kwa mlango wake. Bake alirudi nyumbani na simu mfukoni, akasimama mbele ya mabunda. La vyombo akalifungua, akateleka maji. La nguo akaliacha limefungwa.