Darasa la Kusachi Maswali

Sijapata kuona mahali Kiingereza kilipoogopwa kama Mpanda ya miaka ya tisini, wala mahali kilipotumika kidogo namna ile. Ungeweza kukaa mjini mwaka mzima, kutoka stesheni mpaka Misunkumilo, usikutane na mtu wa kuongea naye Kiingereza, na usikose kitu. Samaki wa migebuka ulinunua kwa Kiswahili, ugomvi wa mpaka wa shamba ulimalizwa kwa Kikonongo au Kibende, na Mungu aliombwa kwa lugha yoyote aliyoizoea mwombaji. Hata hivyo kila Jumamosi mchana watu wazima walijaa kwenye ukumbi wa kanisa kule Misunkumilo, wakisema wanajifunza Kiingereza. Walichojifunza hasa ni namna ya kumkwamisha mwenzako mbele za watu.

Darasa liliongozwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani mgodini, enzi mgodi ulipokuwa mgodi. Watu walimwita Profesa, naye hakuwakataza. Alivaa koti jeusi hata mwezi wa kumi, wakati Mpanda mbuzi hawatoki kivulini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana bado, na katekista aliniomba nimsaidie mzee kuandika ubaoni kwa sababu mkono wake ulitetemeka. Basi nilisimama pale na chaki, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiandika mambo ambayo nusu yake sikuyaamini.

Wanafunzi walikuja na maswali ya mtego. Mtu alitoka Sibwesa kwa baiskeli, jua la utosi, ili tu aulize kwa nini Waingereza wanasema abiria yuko ndani ya gari dogo, lakini kwenye basi wanasema yuko juu yake. Hakuwa na gari wala hakupanda basi. Profesa alifumba macho, akasema kwamba zamani mabasi ya Uingereza hayakuwa na viti ndani, watu walikaa juu ya bodi pamoja na kuku wao, na lugha haikusahau. Ukumbi ukapiga makofi. Siku nyingine aliulizwa kwa nini kondoo mmoja na kondoo mia wanaitwa kwa neno lile lile. Akajibu kuwa kondoo ni mnyama mjinga, hahesabiki. Mfugaji mmoja Msukuma, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akasema yeye kondoo wake anawahesabu kila jioni. Profesa akamwambia kwamba anawahesabu kwa Kisukuma.

Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilivuma vizuri. Kumbe angesema "sijui" mara moja tu, tungemsamehe mengi. Lakini neno hilo hakulijua, si kwa Kiingereza wala kwa Kifipa cha kwao.

Sasa, ili asikwame, Profesa alikuwa ameanzisha utaratibu uliokuja kuwa sheria ya darasa. Ukiulizwa swali, hulijibu kwanza. Unalisachi, kama polisi anavyosachi mzigo stesheni. Unatafuta kosa ndani yake, na ukilipata unasimama wima, mikono nyuma, unasema kwa Kiingereza, "Swali lako lina kosa." Hapo aliyeuliza anakaa chini, na wewe unapigiwa makofi bila kujibu chochote. Ni watu wa Mpanda tu wangeweza kuona hiyo ni elimu. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyejibu swali tena mle ndani. Ukimuuliza mtu ameamkaje, anakutazama usoni akitafuta ulipokosea.

Mwanafunzi aliyeshika sheria hiyo kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makazini, yaani kwenye makazi ya wakimbizi, mjane, wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakikimbia. Kwa watu wa makazini hata kutoka kulihitaji kibali, na yeye alikiomba kila mara ili aje darasani, akitembea na viatu mkononi mpaka karibu na kanisa. Hakupenda mitego. Alikuja kwa jambo moja. Kule Sitalike, pembeni ya hifadhi, mzungu mmoja alikuwa amefungua kambi ya mahema ya watalii na alitaka mpishi anayejua Kiingereza kidogo. Mihogo ya yule mama ilikuwa imeozea ardhini kwa ugonjwa, watoto wanakula mara moja kwa siku, na kupika ndiyo kazi aliyoijua. Harusi za makazini zilipikwa naye. Nafasi ile aliitaka kuliko kitu chochote, na aliamini kabisa kwamba njia ya kuipata ilipita katikati ya ukumbi wetu.

Akaenda kusailiwa. Yule mzungu hakuwa Mwingereza; Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, amekiokota njiani kama sisi. Alimuuliza mama amewahi kupika wapi, na aliuliza vibaya. Mama alisimama wima, mikono nyuma, akamwambia kwamba swali lake lina kosa. Mzungu akadhani ni yeye hakusikia vizuri. Mama akarudia, na kumwonyesha kosa lilipo. Msimamizi wa kambi, kijana wa pale pale Sitalike, alicheka mpaka akashika ukuta. Mzungu hakucheka. Alimwonyesha mlango.

Haya yote alitusimulia mwenyewe Jumamosi iliyofuata, amesimama katikati ya ukumbi, bila kuficha kitu. Nilidhani watu watasikitika. Wakapiga makofi. Walipiga makofi, jamani, mwanamke amepoteza kazi na wao wanamshangilia kama amefunga goli. Profesa aliinuka kwenye kiti, akasema hajawahi kuona mwanafunzi aliyemsahihisha mzungu, na kwamba siku hiyo Mpanda imepata heshima. Nilijisikia kumtupia kipande cha chaki.

Mama alisubiri makofi yaishe. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, kwa Kiingereza mtu anasemaje: nisamehe, naomba unijaribu tena.

Nadhani katika miaka yote ya darasa lile hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu alitaka jibu lake. Profesa alilisachi. Akasema kwanza tutofautishe kusamehewa kwa kosa na kusamehewa kwa usumbufu, tena kujaribu na kujaribiwa si kitu kimoja, na kwa Mwingereza ombi lina ngazi zake. Aliniambia nichore ngazi ubaoni. Sikuchora. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mzee alipovuta pumzi, ndipo akasema, "Mzee, mimi sitayaweza hayo yote. Jumatatu twende wote Sitalike, umwambie wewe."

Ukumbi mzima ukamgeukia Profesa. Mtu aliyejenga jina lake mbele ya watu hawezi kukataa mbele ya watu. Akasema atakwenda, tena kwa sauti ya kutosha. Mimi nilijua ataingia mitini, kwa hiyo Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikampitia nyumbani kwake kabla hajapata ugonjwa.

Tulipanda lori la mahindi. Njia ya Sitalike ina mbung'o, na mbung'o wanapenda nguo nyeusi. Walilifuata koti la Profesa kana kwamba wameitwa, wakamwacha kila mtu mwingine. Njia nzima alijipiga mabegani huku akitueleza jinsi ya kumwendea mzungu: usimtazame sana, usinyamaze sana, sentensi ya kwanza iwe ndefu ili ajue anaongea na nani. Midomo ya mama ilikuwa ikienda taratibu, nami sikumuuliza anakariri nini.

Mzungu tulimkuta akiosha gari, miguu peku, kaptura imelowa. Alimtambua mama, akakunja uso, halafu akamtazama mzee mwenye koti na kumuuliza kwa Kiingereza chake kile cha kuungaunga anaweza kumsaidia nini.

Profesa alivuta pumzi. Nilimwona akilisachi swali. Lilikuwa na makosa, Mungu anajua. Angeweza kusimama pale mpaka jioni akiyatoa moja moja. Akafungua kinywa, akafunga. Mzungu akauliza tena, polepole na kwa sauti, kama watu wanavyoongea na kiziwi. Profesa akatoa leso, akajifuta shingo. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu, aliyewatisha watu kwa Kiingereza miaka yote hiyo, hajawahi hata siku moja kukisema kwa mtu aliyekihitaji. Sikumwonea huruma. Leo pia simwonei.

Nikafungua kinywa mimi, lakini mama alinitangulia. Alipita mbele ya Profesa, hakuweka mikono nyuma, akasema, "Sorry, sorry. Me cook good. You eat, you see." Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa yameisha, akaonyesha jiko kwa kidole.

Mzungu akamwambia msimamizi ampeleke.

Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko, mimi na Profesa, tukisikia vitunguu vikikaangwa. Chakula kilipoiva mzungu alikula amesimama, akaongeza, akaipangusa sahani kwa mkate. Alisema neno kwa msimamizi. Msimamizi yule aliyecheka mpaka akashika ukuta alikuja mlangoni na kumwambia mama, "Dada, unaanza leo. Habari ya kibali mtaongea kesho na bosi." Mama aliitikia, akavuta sufuria, akaanza kuosha vyombo. Alilia huku anaosha, na hakujificha.

Tukarudi wawili. Tulipouacha nyuma mto wa Sitalike wenye viboko, Profesa alipata sauti yake. Alianza kunieleza makosa yaliyokuwa kwenye maneno ya yule mama: pale mwanzo mtendaji si yule, hapa kitenzi kimekaa uchi, kule kimekosekana kiunganishi, na kwa ujumla Mwingereza halisi asingeyaelewa. Nilimwacha amalize lote. Halafu nikamuuliza, kwa heshima yote anayostahili mtu mzima, "Na wewe, Mzee, ulimwambia nini?"

Aligeuka akatazama porini. Mpaka tunashuka Mpanda hakusahihisha kitu kingine.