Nilifundisha Kiingereza kwa Hatua za Unyago, Sasa Binti Yangu Hana Kungwi

Dada unayesimamia ukurasa huu, jina langu lizibe na mtaa wangu usiutaje, andika Temeke tu inatosha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, Mzaramo wa hapa hapa, mwalimu wa Kiingereza. Nina binti mmoja wa miaka kumi na tatu na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana nimelia hadi macho yamevimba na sijui pa kushika.

Nafundisha kwenye chuo binafsi cha biashara, katika hivi vilivyochipuka kila mahali tangu mambo yawe ruksa. Wanafunzi wangu ni watu wazima: makarani waliopunguzwa kwenye mashirika, akina mama wanaofuata mali Dubai, vijana wanaotafuta kazi kwa wageni. Kuandika wanaandika vizuri. Ila mwambie mmoja asimame aulize bei kwa Kiingereza, anageuka bubu, jasho linamtoka, anaangalia viatu. Muhula mzima niliwapigia kelele bure.

Siku moja nikawaambia wasukume madawati ukutani, nikawafundisha kusema kwa miguu. Kila neno zito hatua moja, ya tatu unasimama, unafungua kiganja kama unayemkabidhi mteja mzigo wake. Nikapiga makofi, wakafuata. Jamani, watu walisema. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa hafungui mdomo alizunguka chumba kizima akibishania bei na ukuta, tukacheka hadi tukakaa chini. Mkuu wa chuo akaanza kuleta wageni waje kututazama. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Lakini zile hatua sikuzibuni. Mwili ndio uliozitoa, nami sikujiuliza zimetoka wapi. Nilichezwa unyago nikiwa msichana, na kungwi wangu, aliyenifunda, alikuwa shangazi, dada yake baba, ambaye mpaka leo ndiye anayewacheza mabinti wa upande wetu. Kiuno sikukipeleka darasani, hilo naapa. Lakini zile hatua tatu na kile kiganja ni vya ndani, vya wanawake peke yao, na mimi nimewapa wanaume kwenye chumba chenye madirisha wazi. Mtaniuliza iweje nisilione hilo miezi minne. Sikuliona. Nilikuwa naona Kiingereza tu.

Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi wangu mmoja kutoka Bukoba, mpole, hana hili wala lile. Mimi na wanafunzi tulialikwa harusi ya jamaa zangu Mtoni, mchana, ngoma ikapigwa, watu wakaanza kutuzana, naye akaingia katikati akacheza zoezi lake la darasani huku akitamka Kiingereza cha kuagiza saruji. Vigelegele vikakatika. Wanawake wazima wakatazamana, wengine wakajifunika khanga usoni, na shangazi akainuka kwenye mkeka. Akamuuliza yule kaka, tena kwa upole, nani kamfundisha. Kaka wa watu akaninyooshea kidole kwa furaha, akasema mwalimu wetu yule pale, mama, anafundisha vizuri sana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo shangazi haitikii shikamoo yangu. Ile michezo nimeiacha. Madawati yamerudi katikati, wanafunzi wamerudi kuwa mabubu na wananiuliza wamenikosea nini, mkuu wa chuo kaninunia. Nilidhani yatakwisha. Wiki tatu zilizopita binti yangu akavunja ungo, nikaenda kwa shangazi, nikapiga magoti mlangoni nikaomba amchukue mwali wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanao namtaka, hana kosa," akasema. "Lakini wenzangu wanasema siri imetoka mkononi mwangu. Utasimama mbele yao useme wewe hukuchezwa, ulichungulia tu ukaiba. Ukisema hivyo mie nimetoka kwenye lawama, na mtoto anachezwa."

"Shangazi, si wewe mwenyewe uliyenicheza?"

"Najua," akasema. "Unadhani usiku nalala?"

Makungwi wengine wawili nimewafuata, wote wananiambia bila ruhusa yake hawamgusi mtoto. Nyie wa bara mtasema si ngoma tu, iacheni. Huku kwetu mwanamke asiyechezwa ni mtoto hadi anazikwa. Akiingia, mazungumzo yanakatwa. Nikikataa kusema, binti yangu ataishi hivyo kwa kosa nililolifanya mimi. Nikisema, nitakuwa nimewaongopea wanawake walionilea, na kila shughuli niliyokaa nao tangu usichana itaonekana wizi. Tena siku ya kumcheza mwanangu, yule mmoja niliye naye, nitakaa nje na watoto, maana asiyechezwa haingii.

Yeye hajui lolote. Yuko ndani kama mwali, hatoki nje, wiki ya tatu sasa, anahesabu siku, anafurahi. Jana wakati namsuka ameniuliza nitavaa khanga gani nikiwa naye mle ndani. Nikatoka uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Shangazi anataka jibu kabla mwezi haujaandama. Nyie mliozaa mabinti, nishaurini upesi, nisimame niseme sikuchezwa, au nifanye nini?