Bibi Yangu na Vikapu Sita vya Kanisani

Mnyororo wa baiskeli ukigongwa na kitu chepesi hulia kama vijiko vilivyomwagika kwenye sinia. Kiangazi cha mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, mlio huo ulisikika tangu asubuhi katika uwanja wa kanisa letu, kwenye kilima kinachotazama mji wa Kasulu. Asubuhi za Julai kwetu zina baridi ya kukunja vidole. Moshi wa nyasi zilizochomwa mashambani ulikuwa haujapanda, umelala tu juu ya migomba, na harufu ya muhogo ulioanikwa kwenye majamvi ilikufuata kila ulikopita. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto wenzangu walitoka majumbani na sweta zilizochanika viwiko, wakakimbilia kanisani kurusha visahani. Mimi sikukimbia. Nilikuwa nimeshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili alikuwa ameishika bibi yangu.

Mchezo wenyewe aliuleta Mwalimu Tabitha, aliyetufundisha shule ya Jumapili. Alikuwa amerudi kutoka semina Mwanza akiwa na katoni ya visahani vya plastiki, vizito kidogo, vya rangi kali kama pipi. Unasimama penye tofali lililofukiwa ardhini, unarusha kisahani kuelekea kikapu, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Vikapu hatukuwa navyo, lakini mjini alikuwapo Fundi Ramadhani, mtu wa Tanga aliyekuja kutengeneza baiskeli na kuoa huku kwetu. Alichomelea ringi kuukuu juu ya mabomba, akaning'iniza minyororo iliyochoka ili isimamishe kisahani, na chini akaweka ringi nyingine iliyosukwa waya. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila Jumamosi alipanda kilima na kofia yake ya kufuma kuja kukaza nati, akisema anakuja kwa ajili ya nati tu, kisha anacheza mpaka adhana imwite.

Uwanja ulikuwa mfupi, umepangwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Kikapu cha kwanza kilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye tangi la maji, cha pili chini ya mikaratusi, cha tatu nyuma ya banda la kwaya. Cha nne kilikuwa karibu na makaburi, ambako Mwalimu alitutaka tunong'one. Cha tano kilikuwa mteremkoni, na cha sita mbele ya mlango wa kanisa. Wenzangu waliuzunguka mara nne kabla ya jua kuwa kali. Mimi niliruhusiwa kikapu cha kwanza tu, kwa sababu benchi la Bibi lilikuwa pale na mama alikuwa amesema nisiende mbali naye. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa nne sasa. Nilipokuwa mdogo nikisikia jina hilo nilidhani kuna mtoto kweli amekaa humo ndani, na nilipokua nikajua kwamba mtoto mwenyewe ni mimi. Nilimpeleka kisimani, kanisani, msibani. Nilimpenda, lakini kuna siku niliichukia ile fimbo kama mtu anavyochukia kamba shingoni.

Usimdhanie Bibi yangu kuwa mzee mpole wa kutoa hekima. Alikuwa mkali, mwepesi wa kununa, na hakupenda kushindwa hata katika kumenya maharage. Jumamosi moja akiwa kwenye benchi aliuliza, "Hicho kinacholia ni nini?" Nikamweleza. Akasikiliza mirusho kama mitano, kisha akasema, "Nipe kimoja."

Watoto wakacheka. Fundi Ramadhani hakucheka. Aliingiza mkono kwenye minyororo, akaitikisa, akaita, "Bi mkubwa, mimi huku! Fuata sauti!" Bibi akasimama, akaitega shingo upande kama kuku anayesikia mwewe, akarusha. Kisahani kilipaa juu, kikagonga bati la kanisa, kikatelemka na kumwangukia mbuzi wa mchungaji. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi alisimama palepale, midomo imebana, mkono ameunyoosha. "Kingine," akasema.

Alirusha siku hiyo mpaka bega likamuuma. Jumatatu alikuwa wa kwanza kuamka na kunigongea kwa fimbo. Mwisho wa wiki tulikuwa na utaratibu wetu: namsimamisha penye tofali, namgeuza mabega, nakimbia mpaka kwenye kikapu na kugonga mnyororo kwa kijiko mara tatu, halafu naruka pembeni. Alhamisi moja, kikapu cha pili, kisahani kiliingia kwa mrusho mmoja tu. Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kigelegele kama kile. "Ego!" alipiga kelele kwa Kiha chetu, "ego, mwana wanje!" Ndiyo, mwanangu. Tangu hapo tulicheza vikapu vyote sita. Watu waliokuwa wakipita na baiskeli zenye mikungu ya ndizi walisimama kutuangalia. Kwa mara ya kwanza fimbo ile haikunivuta nyuma. Watoto walitaka kuwa katika kundi letu, na mimi niliwakatalia.

Ndipo Jumapili moja likatoka tangazo kanisani kwamba wataalamu wa macho watakuwa hospitali ya Kabanga kwa wiki mbili, na wenye mtoto wa jicho wafike kufanyiwa upasuaji. Mama alifurahi mpaka akalia. Bibi akasema atafikiri. Baada ya ibada Mwalimu Tabitha alinivuta pembeni. "Mwambie asiogope," akasema. "Wewe anakusikiliza."

Nilimwambia Alhamisi iliyofuata. Tulikuwa tumekaa jikoni, yeye akichambua maharage kwa mikono. Aliniuliza nimesikia nini kuhusu huko. Nikaona, kama kwenye picha, Bibi akitembea peke yake kwenda kanisani, na mimi nimerudi kuwa mtoto kati ya watoto. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Nimesikia wanachoma sindano ndefu katikati ya jicho, na wewe uko macho. Wengine hawarudi vizuri." Mikono yake ilisimama. Jioni alimwambia mama kwamba hataenda, na neno la Bibi halikuwa na rufaa.

Siku nane tulicheza. Nikisema zilikuwa siku mbaya nitakuwa nadanganya tena. Alirusha vizuri kuliko wakati wote, tukawa tunawashinda watoto wa darasa la saba. Mama ndiye aliyekuwa akitembea kimya ndani ya nyumba, na mara moja nilimkuta amesimama nyuma ya Bibi, akimpungia mkono mbele ya uso, polepole, kuona kama ataona chochote.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Fundi Ramadhani alikuwa ametupanga wawili wawili kushindana. Tulipofika kikapu cha nne tulikuwa tunaongoza, na mimi nilikuwa nimelewa sifa. Jana yake vijana walikuwa wamechimba mtaro wa bomba la maji kando ya makaburi. Niliuruka bila kufikiri, nikafika kwenye kikapu, nikagonga. Bibi akarusha, kisahani kikagusa mnyororo na kuanguka karibu kabisa. Kwa furaha nikaita, "Njoo, Bibi, njoo, kipo hapahapa!" Naye akaja, kwa haraka, bila fimbo, kwa kuniamini.

Alianguka kwa kishindo cha gunia. Nilipofika ukingoni alikuwa amekaa ndani ya mtaro, kitenge kimejaa udongo mwekundu, kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikarukia humo ndani, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja: kwamba sikusikia habari ya sindano kwa mtu yeyote, kwamba niliitunga, kwamba nilitaka tuendelee kucheza. Fundi na Mwalimu walikuwa wamesimama juu yetu wanasikia. Bibi alikung'uta udongo kwenye kitenge. Kisha akasema, taratibu, "Nilijua sauti yako ina woga. Nilidhani unaniogopea mimi."

Hakunipiga. Aliomba fimbo yake. Alipovutwa nje alimwambia Fundi Ramadhani, "Baba, huko Kabanga wamebakiza siku ngapi?" Nne, Fundi akajibu. Jumatatu alfajiri mama alimpakia kwenye bodaboda, mkono mmoja umefungwa kanga, na mimi nikaachwa kulinda nyumba.

Walianza na jicho la kulia. Waliporudi alikuwa na miwani myeusi na hamu ya kugombana. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama mpaka nikaona haya. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na miaka saba. "Umekuwa mrefu hivi," akasema, "na nani kakunyoa vibaya namna hii?" Halafu akatoka, akaenda shambani peke yake kutazama maharage yake. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akipotea kwenye kona. Kanisani alirudi kurusha mara mbili tu. Kwa kuwa sasa alikitazama kikapu badala ya kukisikiliza, kisahani kilikwenda kokote. Alisema mchezo ule ni wa watoto na ana kazi nyingi za kufanya, na alikuwa nazo kweli, za miaka minne.

Sasa naishi Kibondo, nafundisha shule ya msingi. Nikienda Kasulu napita kanisani. Wamejenga ukuta na ukumbi wa harusi, na pale palipokuwa na kikapu cha nne kuna maegesho ya magari. Watoto hucheza mpira upande wa mikaratusi, na wengine hukaa ukutani wakitazama simu, wanacheka vilevile kama sisi, sina la kuwalaumu. Wanafunzi wangu nikiwasimulia kwamba tulikuwa na mchezo wa kurusha visahani huniuliza kama ulikuwa kwenye televisheni. Bibi aliona kwa miaka kumi na minne kabla hajafariki. Alimwona mama akizeeka, aliniona nikivaa joho la chuo, alimwona binti yangu siku aliyozaliwa na akasema ana masikio makubwa. Miaka kumi na minne, na mimi nilitaka kumnyima yote ili nibaki na kiangazi kimoja. Mama alinisamehe, na yeye mwenyewe alinisamehe pale mtaroni, nadhani, kabla hata hajasimama. Lakini nikiulizwa siku zilizokuwa na furaha kuliko zote utotoni mwangu, zinazonijia kwanza ni zile nane, na bado sijajifunza kuzikumbuka bila kutabasamu.