AI imemchagulia Mama chemo kali, lakini haijasikia kigoda chake

Krrr. Kimya. Krrr tena.

Wakuu, salamu kutoka Ngoingwa. Haya ni ya nyumbani kwetu na sijayatia chumvi. Yalianza na sauti hiyo, kabla sijamwona mtu.

Mimi naishi Ruiru. Nilikuja kumpeleka Mama kliniki hapa Thika, ana saratani ya titi. Nilipoingia nikasikia kitu kikiburutwa jikoni.

Kumbe ni Mama na kigoda. Anaosha vikombe ameketi, anakiburuta hadi kwa jiko, anaketi tena, anakoroga chai. Kutoka sinki hadi jiko ni karibu, lakini alipavuka kama mtu anayevuka mto wakati wa masika.

"Baba, umefika," akasema. Ananiita baba kwa sababu nina jina la babake.

Tukaenda kliniki. Daktari wetu ni kijana mpole. Ana programu ya AI kwa kompyuta, ya kumsaidia kuchagua matibabu. Akawa anauliza huku akiandika.

"Mama, kazi za nyumba unafanya?"

"Zote."

"Unachoka?"

"Nani hachoki? Hata wewe unakaa umechoka."

Daktari akacheka. AI ikapendekeza chemo kali, kwa sababu mgonjwa ana nguvu.

Sasa wakuu, mnawajua mama zetu. Mkute amelazwa, drip mkononi, umuulize habari. Atasema ni njema, kisha akuulize kama umekula. Kulalamika mbele ya mgeni ni kama kumwonyesha kitanda ambacho hakijatandikwa. Adabu hiyo iliingia kwa mashine, ikatoka ikiwa dawa.

Daktari mwenyewe alisitasita. Alikuwa anamwangalia Mama anavyopumua, akasema yeye angeanza na dawa nyepesi. "Hii mashine inajua tu kile tumeiambia. Mkafikirie, mrudi kesho."

Tukiwa njiani nikamwambia Mama tumweleze daktari kuhusu kigoda.

Akanijibu tulipofika kwa gate.

"Ukisema hivyo wataniweka na wale wa kupewa vidonge na maombi. Mimi nataka hiyo kali. Usinisemee, baba."

Hapo ndipo nilipopotea. Nilidhani ni adabu, kumbe ni kutaka kuishi. Nikisema, huenda nikamnyang'anya nafasi aliyoishika kwa kucha. Nikinyamaza, huenda dawa yenyewe ikammaliza. Nimelala na hilo, nimeamka nalo.

Funzo nililopata ni dogo: ukienda na mzazi kwa daktari mwenye AI, jua kwamba haikuona jikoni kwenu. Zaidi ya hapo sijui kitu. Kama umewahi kuketi kwa kiti kama changu, niambie ulifanya nini, hata kama mpaka leo hujui kama ulikosea.

Asubuhi hii Mama amefunga kitambaa chake cha kanisa. Jirani anamngoja nje na gari ampeleke kliniki. Mimi amekataa nimsindikize.

Nikamuuliza atamwambia daktari nini.

"Kile nitamwambia."

Akasukuma kigoda chini ya sinki kwa mguu, akasimama kidogo akishika ukuta.

"Wewe osha vikombe, baba."

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.