Pazia Nililolipaka Mawese

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yanayoungua nageuka kuangalia nani ananicheka, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla Adolfina hajaisimulia, maana yeye anaongeza chumvi (ni jirani yangu hapa Kizwite, nyumba yake na yangu ukuta kwa ukuta, na siku hiyo alikuwepo, tena mbele kabisa).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu Sumbawanga akawa anaanzisha kitu, huyu duka, yule meza ya mitumba, na mimi Gaudensia niliyeishia darasa la tatu nikasema nami nafungua hoteli ya chakula, nimechoka kuuza maharage barabarani huku upepo wa Ufipa unanipulizia majivu machoni. Chumba nikapata, mabenchi akachonga mume wangu Januari, sufuria ninazo. Kilichobaki ni kibali. Sasa Bwana Afya, jina lake Metusela, mtu mrefu, shati jeupe siku zote, akaja akaangalia mlango wa jikoni, akainua macho kwenye dari yangu ya matete, akatikisa kichwa.

"Mama, moto ukitoka huko jikoni ukadaka haya matete, wateja watakimbilia wapi? Weka kitu cha kuuzuia, moto na moshi wake. Bila hicho kibali sitoi."

Nikawaza siku tatu. Mlango wa mbao si utaungua wenyewe? Wa bati nao ungefungukia wapi, wakati benchi limefika mpaka pale? Siku ya nne nakunja mkeka wangu asubuhi, nikauangalia ulivyojiviringisha, nikacheka peke yangu. Nikachukua magunia ya katani, nikayashona mawili mawili, katikati nikajaza udongo wa mfinyanzi niliouponda na majivu na kinyesi cha ng'ombe (alinipa Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule bondeni, akaniuliza, "Mama, hoteli gani hiyo inaanza na mavi?"). Juu nikafunga kwenye mwanzi, chini nikaweka nondo iwe nzito, na kila upande Januari akapigilia mbao mbili, gunia likawa linapita katikati yake ili moshi usipate upenyo. Nikaliviringisha juu ya mlango kama mkeka, likashikwa na kamba moja tu kwenye msumari: ukiifungua, pazia linashuka lenyewe.

Nikalijaribu kwa moto wa mabua. Halikuungua! Moshi ukabaki jikoni unazunguka umekosa njia. Nikajiona fundi, nikatangaza mtaa mzima kwamba Bwana Metusela akija Jumatatu waje waone (nani alinituma, jamani?).

Jumatatu asubuhi pazia limekauka, linashuka kwa kukwama na kulia krii krii. Adolfina akasema, "Hilo linashuka kama mzee mwenye mgongo." Maneno hayo yakaniuma. Nikakumbuka mama yangu, ngozi ikikakamaa aliipaka mafuta mpaka inakuwa laini kama nguo, ndivyo tulivyolelewa, kitu kikiwa kigumu unakipaka mafuta. Na ndani nilikuwa na mawese aliyoniletea wifi yangu Skola kutoka Kirando. Nikapaka kuanzia juu, napaka huku naimba, nimefika katikati mawese yakaisha. Nikasema basi, inatosha.

Bwana Metusela akafika, watu wamejaa mpaka nje. Nikatoa hotuba (ndiyo, hotuba), nikawasha mabua mlangoni mwa jikoni, nikafungua kamba. Pazia likashuka sssss, laini, watu wakapiga makofi, na mimi nimeshika kiuno nasubiri sifa.

Adolfina akanusa hewa. "Gaudensia, mbona kunanukia samaki wa kukaanga?"

Kuangalia juu, pazia langu la kuzuia moto linawaka moto! Mawese yanachuruzika na miali yake, moshi mweusi unatuingia sisi wenyewe, watu wanarukia madirishani, na mimi badala ya kutafuta maji nikanyakua sufuria ya maharage niliyompikia mgeni nikalirushia pazia, na wakati huohuo Bwana Metusela akasogea mbele ili aone vizuri. Yote kwenye lile shati jeupe. Bahati yalikuwa yameshapoa.

Bwana Metusela akanipita mbio. Akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akamwaga mara moja, moto ukazima. Nikasema moyoni, Gaudensia, rudi barabarani na majivu yako.

Yeye akainama, maharage yanamdondoka kifuani, akashika pazia upande wa chini.

"Huku juu ulipaka nini?"

"Mawese."

"Na huku chini?"

"Yaliisha, mzee."

Akaliinua kidogo, na moshi wa mabua uliokuwa umezuiliwa nyuma yake ukampiga usoni, akakohoa, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye benchi. "Mama, nusu yako isiyo na mafuta ni nzuri kuliko milango mingi ya mjini. Nishonee zima la hivyo, nitarudi. Na safari hiyo maharage nitayala kwenye sahani."

Nikashona. Akarudi, akala sahani mbili, kibali nikapata, na hoteli ile ndiyo iliyonizeesha vizuri. Pazia linalia krii krii kila nikilishusha na sijawahi kulinyamazisha. Ila jina halikutoka: mpaka leo wajukuu wa Adolfina wakipita wananiamkia, "Shikamoo, Bibi Mawese," nami naitikia marahaba. Mafuta siku hizi napaka miguu yangu tu, tena nikiwa mbali na jiko.