Mwanamke wa Kwenye Reli

Nilipanda ndege kutoka Unguja kwenda Guangzhou kumtafuta mwanamke. Watu niliwaambia nakwenda kuchagua mashuka na mapazia, kwa kuwa mume wangu yuko huko mwaka wa saba, anatutumia mzigo, na nyumbani amekuja mara mbili tu. Moyoni nilikuwa na langu. Nikimwona huyo bibi, nadai talaka yangu, narudi kwa mama.

Sikuwa nimezua. Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu hunitumia ujumbe wa sauti, maneno ya mtu na mkewe, na nyuma yake, kila Ijumaa, mwanamke anasema Kichina. Sauti laini, ya kubembeleza. Nilimwuliza mara moja, akanijibu, "Wapita njia tu hao." Wapita njia gani wana sauti moja miaka yote? Mimi si mtoto.

Ijumaa yangu ya kwanza kule, tukiwa tumefikia hotelini, alitaka kunipeleka mtaa wa Guangyuan Xilu kwenye nguo za jumla. Nikamwambia, "Nguo zitangoja. Nipeleke unakokwenda ukitoka msikitini." Akababaika. Nikasema moyoni, leo umekwisha.

Tulishuka metro, treni ya chini ya ardhi, mahali penye reli ya zamani. Treni hazipiti tena. Vyuma wameviacha palepale, pembeni wametia njia ya baiskeli na bustani. Akafungua baiskeli mbili za kukodi kwa simu yake. Nikakusanya baibui, nikalipiga fundo, nikapanda.

"Hee, kumbe bado unaweza!"

"Ulidhani nimezeeka?"

Baridi ilikuwa imekwisha, miti inachipua, hewa nzito ya unyevu. Misufi ya kwao ilichanua maua mekundu bila jani hata moja, na bibi vizee walikuwa wanayaokota yaliyoanguka, wakayaanike ya kupikia supu. Wallahi palipendeza, na nikachukia kupendezwa. Kila mwanamke aliyepita nilimkodolea macho.

Njia ilipokuwa nyembamba tukaegesha baiskeli, tukaenda kwa miguu juu ya mataruma ya reli. Hatukufika mbali, nikamsikia. Sauti ileile, maneno yaleyale.

"Ndiye huyu! Yuko wapi?"

Mume wangu akatazama huku na huku. "Nani?"

"Huyo anayesema!"

Akanyoosha kidole juu ya nguzo. Spika. "Anawaambia watu washuke kwenye baiskeli," akasema.

Mtume! Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya reli. Miaka yote naionea wivu spika! Nikamweleza kila kitu, hata habari ya talaka, maana mimi nikishaanza kusema sijui kunyamaza. Yeye hakucheka. Akaja akaketi kando yangu.

"Na kwa nini uje huku?" nikamwuliza. "Si una chumba chako mtaa wa Xiaobei?"

"Ninacho. Tumo wanaume sita, vitanda vya juu na chini." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikwambia nakaa peke yangu nisikutie simanzi. Sasa maneno yako niyaseme vipi, watu sita wanasikia? Ndiyo maana nakuja hapa."

Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi. Siku zote zile nilikuwa namchunguza, sikuwa nimemtazama.

"Ungeniacha kweli?" akauliza.

"Ningekuacha." Sikutaka kumdanganya.

"Basi nisamehe."

"Kwa lipi? Hukufanya kitu."

"Nimekuacha miaka saba na sauti tu."

Nikamshika mkono pale hadharani, jambo ambalo hata kwetu hatujawahi kulifanya, na machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.